Wati elfu kumi, betri moja

Kwenye vibanda vya vifaa vya umeme pale Ariwara, soko kubwa la teritwari ya Aru nchini Kongo, boksi la sabufa huwekwa likitazama njia ili mpita njia asome namba kabla hajauliza bei. Namba hiyo ni ya wati: 5,000, 8,000, wakati mwingine 10,000, kwa rangi nyekundu, na chini yake kwa herufi ndogo, PMPO. Muuzaji hana haja ya maneno mengi. "Papa, hii iko na nguvu. Mtaa wote utajua uko na televizio." Bei anaitaja kwa dola au kwa shilingi ya Uganda, faranga inaingia baadaye, kwenye chenji.

Mwombe sasa akugeuzie mashine yenyewe. Nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kibandiko kidogo ambacho hakuna aliyejisumbua kukipamba: AC 220–240V, 50Hz, 60W. Sitini. Hakuna fundi, awe wa Guangzhou au wa Bunia, aliyewahi kuunda amplifaya inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopokea. Kwa hiyo katika mkusanyo huu wa rekodi za sauti ya nyumbani, nzito, kongwe, ghali na zenye fujo, tuanze na ile inayotukuta mlangoni.

Uongo mkubwa kuliko wote

PMPO haina kanuni moja ya upimaji inayokubaliwa na wote, na hapo ndipo raha ya mwenye kiwanda ilipo. Anachukua mshindo wa kitambo kisichofika hata kupepesa jicho, sauti ikiwa imeshaharibika kiasi cha kutosikilizika, anauzidisha kwa idadi ya bafle, kisha anaongeza sifuri kadiri nafasi ya boksi inavyoruhusu. Fundi akifungua sabufa nyingi za namna hii hukuta chipu ya ukoo wa TDA2030. Karatasi ya kiwanda ya chipu hiyo haimfichi mtu: ni wati 14 hivi kwa bafle ya omu 4. Ni chipu nzuri, ngumu kufa, na imechezesha sherehe nyingi kuliko amplifaya yoyote ya kifahari nitakayoitaja huku mbele. Kosa si lake. Kosa ni la sifuri.

Marekani iliugua ugonjwa huu mapema. Miaka ya 1960 matangazo ya amplifaya yalijaa "nguvu ya muziki" na "nguvu ya kilele", kila kampuni ikijipimia kwa kipimo chake. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ikaweka kanuni: anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje wati zinazotoka mfululizo, ataje na kiasi cha sauti kinachoharibika, na kabla ya kipimo mashine iendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. Saa hiyo moja ilikuwa mtihani mkali. Amplifaya isiyo na chuma cha kutosha cha kupoza joto haifiki mwisho wake ikiwa salama. Kanuni hiyo imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, ya karibuni yakiwa ya mwaka 2024, lakini udanganyifu ulihamia kwenye mashine za bafle nyingi.

Na mashine hizo ndizo tunazozizungumzia. Risiva ya sauti, si king'amuzi cha kunasa satelaiti, ni boksi linalopokea sauti ya televizio, deki au flashi, linaigawa katika chaneli, kisha linazisukuma chaneli hizo kwenye bafle tano, saba au zaidi zilizomzunguka mtazamaji. Hata kampuni zenye jina huandika "wati 100 kwa chaneli" baada ya kupima chaneli mbili tu. Zote saba zikidai kwa pamoja, transfoma haina cha kuwagawia wote. Muulize muuzaji, au itafute kwenye kitabu: wati ngapi chaneli zote zikifanya kazi? Kama jibu halipo popote, chukua namba ya boksi, ikate katikati, na hapo bado umekuwa mkarimu.

Yenye nguvu ya kweli

Kanuni ya FTC ilizaa kitu ambacho pengine waandishi wake hawakukitarajia: mashindano ya wati za kweli. Kwa kuwa kudanganya kulikuwa kumekuwa kugumu, kampuni za Kijapani na za Kimarekani ziliamua kutengeneza nguvu yenyewe. Mwaka 1978 Pioneer ilitoa SX-1980, risiva ya chaneli mbili yenye wati 270 kwa kila upande. Ilikuwa na uzito wa kilo 35.4, zaidi ya theluthi mbili ya mfuko wa saruji, na ikauzwa zaidi ya dola elfu moja za wakati ule. Marantz ikajibu kwa modeli ya 2600 yenye wati 300. Technics ikafunga mjadala kwa SA-1000 yenye wati 330 kila upande. Mitindo ikabadilika miaka ya 1980, watu wakataka mashine nyembamba, na mazimwi hayo yakabaki kwa wakusanyaji ambao leo huyalipia kama ng'ombe wa mahari.

Lakini sikio halihesabu kama kalamu. Ukitaka sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo lile zimwi la wati 270 linasikika mara mbili tu ya redio ya wati 27. Na tofauti kati ya 270 ya Pioneer na 330 ya Technics, iliyogharimu vita nzima ya kibiashara, haifiki hata desibeli moja. Jirani yako asingeitambua.

Ya kwanza

Sauti ya kumzunguka mtazamaji ilianza na katuni. Walt Disney alipotengeneza *Fantasia* alimwita kondakta Leopold Stokowski, na mafundi wake wakiongozwa na William Garity wakabuni mfumo walioupa jina Fantasound: sauti ilirekodiwa kwenye ukanda wa filamu peke yake, tofauti na ukanda wa picha, ikaweza kutembezwa ukumbini kutoka bafle moja hadi nyingine. Filamu ilifunguliwa Broadway Theatre, New York, tarehe 13 Novemba 1940, ikakaa hapo wiki 49 mfululizo, rekodi ya wakati huo. Kila ukumbi ulihitaji kufungiwa mitambo ya pekee yenye gharama kubwa, na hicho ndicho kilichouua mfumo, pamoja na vita kuu iliyokuwa imeshaanza.

Baada ya hapo historia ilienda kwa kurukaruka. *This Is Cinerama* ya mwaka 1952 ilikuja na njia saba za sauti kwenye ukanda wa sumaku. *Apocalypse Now* ya 1979 iliweka mpangilio tunaouita leo 5.1, yaani bafle tatu mbele, mbili za pembeni nyuma kila moja na sauti yake, na besi mahali pake. *Batman Returns*, Juni 1992, ilikuwa filamu ya kwanza kutoka rasmi na Dolby ya dijitali. Mwaka uliofuata *Jurassic Park* ikaja na mshindani wake, DTS. Nyumbani, sauti hiyo ya dijitali ilifika mwaka 1995 kwenye sahani kubwa za LaserDisc, na ya kwanza ilikuwa *Clear and Present Danger*. Sahani hizo wengi wetu hatukuzigusa kabisa. Tuliruka kutoka kaseti ya VHS hadi VCD, kisha DVD, kisha flashi.

Ule ushindani wa Dolby na DTS umeacha kero moja inayowasumbua watu mpaka leo. Unachomeka flashi kwenye televizio, picha inakuja safi, midomo inatembea, sauti hakuna. Flashi haijaharibika. Filamu imewekewa sauti ya DTS, na televizio nyingi hazina leseni ya kuisoma. Ukiwa na risiva inayoisoma DTS, na deki inayoipitisha bila kuigusa, tatizo linaisha. Ni sababu nzuri zaidi ya kununua risiva kuliko wati elfu kumi.

Bafle nyingi kuliko zote

Hapa rekodi zinapanda ngazi mpaka zinachekesha.

Ngazi ya chini ni 5.1, ambayo imetimiza zaidi ya miaka 40 kwenye sinema na bado inatosha nyumba nyingi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulishaeleza mahali pa kila bafle: ya kati mbele ya uso, mbili za mbele nyuzi 30 kila upande, mbili za kuzunguka nyuzi 110 hivi, yaani kidogo nyuma ya masikio. Ukizibandika zote juu ya kabati la televizio, kama nyumba nyingi zifanyavyo ili watoto wasizifikie, umenunua bafle tano usikie mbili.

Kwa boksi moja lenye amplifaya ndani, mojawapo ya majabali ni Denon AVR-A1H, lililoingia sokoni mwanzoni mwa 2023: amplifaya 15 ndani ya chuma kimoja, sabufa hadi nne, kilo 32, dola 6,499 lilipotoka. Linatengenezwa Shirakawa, Japani. Kampuni ya Kifaransa Trinnov ina Altitude32, yenye chaneli 32, ila hiyo ni ubongo tu. Amplifaya unanunua kando, na anayeuliza bei huenda asiwe mnunuzi. Dolby Atmos ya nyumbani kwenye karatasi inaruhusu mpaka 34: bafle 24 kumzunguka msikilizaji na 10 juu ya kichwa. Ilizaliwa kwenye sinema mwaka 2012 na filamu ya *Brave*, na humo sauti ikawa haipelekwi tena kwenye bafle fulani bali kwenye sehemu fulani ya hewa. Mashine ndiyo inayokokotoa ni bafle zipi zitamke.

Wajapani wameenda mbali zaidi bila hata kuomba kiingilio. Shirika la utangazaji la NHK lilibuni mfumo wa 22.2: bafle tisa juu, kumi usawa wa masikio, tatu chini, na mbili za besi. Tangu tarehe 1 Desemba 2018 chaneli yao ya 8K hurusha vipindi vyenye sauti hiyo hewani. Familia ngapi za Tokyo zina bafle 24 sebuleni? Nadhani wanaozitangaza ndio wanaozisikia.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kina ukumbi wa mihadhara wenye chaneli 832 na bafle zaidi ya 2,700 ukutani. Kisha kuna Sphere ya Las Vegas, lile tufe lililofunguliwa Septemba 2023 kwa maonyesho ya U2: kwa hesabu ya wenyewe ina vipaza sauti 167,000, vilivyotengenezwa na kampuni ya Berlin iitwayo Holoplot na kufichwa nyuma ya skrini. Si nyumbani, najua. Lakini ukishataja bafle nyingi kuliko zote huwezi kuipita.

Inayofaa kuliko zote kwa filamu ya VJ

Rekodi hii hutaikuta kwenye kitabu chochote, naitoa mwenyewe.

Sauti zote nilizozitaja juu zinadhani unatazama filamu kama ilivyotoka kiwandani. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haitazami hivyo. Inatazama filamu aliyokwisha kuzungumza juu yake VJ, yaani mtafsiri msimulizi, wa Kampala kwa Kiganda, au DJ wa Kenya au Tanzania kwa Kiswahili. DJ Afro amewalea Wakenya wa rika zima kwa namna hii, na VJ Emmie amesikika hadi Ulaya na Marekani kupitia *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya Wakaliga, Kampala, ya mwaka 2010, iliyojulikana kwa bajeti ya chini ya dola 200. Nakala ya namna hii imeshapikwa upya. Chaneli tano za asili zimekwisha kuyeyushwa zikawa mbili, na sauti ya mtafsiri imemwagwa juu, sawasawa kulia na kushoto. Ukiiweka kwenye risiva ya dola 6,000 haina 5.1 ya kusoma.

Sasa chukua risiva ya mtumba ya miaka ya 2000 yenye Dolby Pro Logic II, teknolojia aliyoibuni Jim Fosgate na kutoka mwaka 2000. Kazi ya Pro Logic ni kulinganisha chaneli mbili: kilicho sawa pande zote inakipeleka bafle ya kati, kinachotofautiana inakiacha pembeni au kukitupa nyuma. Na sauti ya VJ iko sawa pande zote. Kwa hiyo mashine, bila kujua lolote kuhusu Kampala, inamchukua VJ na kumkalisha kwenye bafle ya kati, chini ya skrini, huku risasi na magari yakibaki kulia na kushoto. Shida inabaki kwa maneno ya waigizaji wenyewe, ambayo nayo huwa katikati. Hao watagombania bafle moja na VJ, na kwa kawaida VJ hushinda. Lakini bafle ya kati ina kitufe chake cha sauti. Ukitaka maelezo zaidi, unaipandisha. Ukitaka risasi, unaishusha. Mwenye chumba cha video anayelipisha watu kiingilio angepaswa kuitafuta mashine hii kabla ya sabufa ya pili.

Angalizo moja tu, na ni kubwa. Mitumba ya Ulaya imetengenezwa kwa volti 230 na haina neno. Ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Risiva ya Kijapani ikichomekwa moja kwa moja kwenye inveta ya 230, harufu itafika kabla ya muziki.

Kelele nyingi kwa wati chache

Kama ningelazimika kuchagua rekodi moja tu yenye faida kwa mtu wa Aru, ningeacha wati zote na kuichukua hii. Mwaka 1946, mjini Hope, jimbo la Arkansas, mhandisi Paul Klipsch alianza kuuza bafle la kona ya chumba aliloliita Klipschorn. Ndani yake sauti inapita kwenye pembe iliyokunjwa, na kuta mbili za chumba zinamalizia urefu wa pembe hiyo. Linatengenezwa mpaka leo bila kubadilika sana. Kampuni hulitaja kuwa bafle lililodumu kiwandani kuliko mengine. Ukilipa wati moja, kwa umbali wa mita moja linatoa desibeli 105 kwa vipimo vya kampuni. Bafle dogo la kawaida la nyumbani hutoa 87 hivi. Tofauti ni desibeli 18, na kila desibeli tatu zinahitaji nguvu mara mbili, kwa hiyo mwenye bafle la kawaida anahitaji wati 63 hivi ili amfikie mwenye Klipschorn wa wati moja.

Kanuni hiyo si ngeni huku. Ile honi ya bati juu ya paa la kanisa au msikiti, inayosukumwa na amplifaya ndogo iliyofungwa kwenye betri ya gari, inasikika mpaka bondeni kwa sababu ni pembe. Haina besi na haifai kwa sinema, lakini inathibitisha kwamba bafle ndilo linaloamua amplifaya itakula kiasi gani. Namba ya kutafuta imeandikwa kwa dB, mara nyingi kwenye karatasi ambayo muuzaji ameshaitupa. Bafle la 90 ukilinganisha na la 84 litakuokolea robo tatu ya umeme kwa sauti ileile.

Besi ya chini kuliko zote

Sikio la binadamu linaishia hertz 20 hivi kwa upande wa chini. Kampuni ya Eminent Technology ya Marekani iliona hapo hapatoshi ikatengeneza TRW-17, sabufa isiyo na koni. Ni feni. Panga zake zinazunguka wakati wote, na muziki unapoingia zinabadilisha pembe zake na kuisukuma hewa mbele na nyuma, mpaka kufikia hertz moja. Huisikii, nguo ndizo zinazokuambia. Hollywood ilikuwa imejaribu jambo la jamaa hiyo mwaka 1974 kwa filamu ya *Earthquake*, iliyoletewa masabufa makubwa ya Cerwin-Vega kwa mfumo wa Sensurround ili viti vitetemeke pamoja na jiji la Los Angeles.

Kwenye nyumba ya mabati, Sensurround unaipata bure. Besi ikifika mahali fulani bati linaanza kuimba, misumari inafuata, na filamu ya mapenzi inageuka ya vita. Tatizo jingine ni umbo la chumba. Katika chumba cha mita 4 kwa 4, mawimbi ya hertz 43 hivi yanakaa sawasawa kati ya kuta zote nne na kurundikana, kwa hiyo noti moja ya besi inavuma kupita zote na nyingine zinapotea. Watu huongeza sauti wakidhani sabufa ni dhaifu. Isogeze kwanza kutoka kwenye kona, nusu mita tu, kisha sikiliza tena. Ikishindikana, geuza kiti.

Kelele kubwa kuliko zote

Rekodi hii si ya binadamu. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima Krakatoa ulilipuka huko Indonesia, na mlio ukasikika kisiwani Rodrigues, upande wetu wa Bahari ya Hindi, kilomita zipatazo 4,800, zaidi ya mara mbili ya mstari ulionyooka kutoka Aru hadi Kinshasa. Kwa binadamu, Guinness waliacha kuandika rekodi ya bendi yenye kelele kuliko zote ili wasichochee watu kuharibu masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi za burudani. Watoto wanaokaa chini mbele ya sabufa kwenye chumba cha video hawajaambiwa.

Iliyochukua muda mrefu kuliko zote

Ken Fritz wa Virginia, Marekani, alitumia zaidi ya miaka 25 kujenga chumba cha kusikilizia muziki nyumbani kwake, akatengeneza bafle ndefu kama milango na sahani ya kuchezea santuri kwa mikono yake, na mfumo mzima ukakadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni moja hivi. Alifariki mwaka 2022. Vifaa vilipouzwa vipandevipande, jumla haikufika dola 200,000.

Yenye njaa kuliko zote

Katika Kongo nzima, mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye mwenye umeme. Wengi wa Aru wanategemea sola, na wenye uwezo wanaongeza jenereta. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu risiva ni la betri, na hesabu yake inafanyika nyuma ya daftari.

Betri ya asidi ya 12V, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo una 600. Weka televizio ya inchi 32 inayokula wati 40, na risiva ya kawaida ya mtumba inayokula 60 kwa sauti ya kiasi. Kiwango kikubwa cha hizo 60 kinaliwa hata filamu ikiwa kimya, maana amplifaya za zamani hazizimi njaa zao. Inveta nayo inachukua chake, tuseme asilimia 15. Unatumia karibu wati 118. *Titanic* ni dakika 194: wati-saa 380 zimekwenda. Betri inaimudu mara moja kwa usiku, haiimudu mara mbili. Paneli ya wati 100, kwa jua la saa tano na upotevu wa njiani, inarudisha 350 hivi kwa siku. Yaani *Titanic* ya kila usiku inakula kuliko jua linavyorudisha, na baada ya wiki moja hivi betri inalalamika.

Risiva ile ile ya kilo 32 ya Denon kwenye mfumo huu? Tusiizungumze.

Sasa hesabu ya pili. Kuna amplifaya ndogo za daraja la D, nyingi zikiwa na chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, ambayo inakubali umeme wa moja kwa moja kuanzia volti 4.5 hadi 26. Inafungwa kwenye betri yenyewe, inveta haiguswi. Kwa sauti ya nyumbani seti nzima inaweza kula wati 15. Ongeza televizio ya 12V ya wati 30. Jumla 45: filamu ileile inaondoka na wati-saa 145, na zile 600 zinafika saa 13. Unapoteza bafle za nyuma na bafle ya kati, ndiyo. Lakini kama bafle zako mbili za mbele ni za desibeli 90 na zaidi, volti 12 zinajaza chumba cha mita nne mpaka mama mwenye nyumba abishe hodi.

Kwa hiyo nikiulizwa, nagawa hivi. Nyumba yenye betri moja: amplifaya ya D ya 12V, bafle mbili kubwa zenye dB ya juu, hata zikiwa za zamani za mbao, na sabufa usinunue mwaka huu. Nyumba au chumba cha video chenye betri nne, au za lithiamu zinazoruhusu kutumia karibu zote, pamoja na inveta ya wimbi safi: risiva ya mtumba kutoka Ulaya yenye Pro Logic II, DTS, na tundu la waya wa mwanga. Sisitiza wimbi safi, kwa sababu inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, na transfoma ya risiva itanguruma usiku kucha hata pasipo filamu. Tundu la HDMI lenye kurudisha sauti kutoka kwenye televizio, ARC, lilianza mwaka 2009. Mashine za kabla ya hapo hazina, na waya wa mwanga unafanya kazi hiyo bila shida mradi ncha zake zisiingie vumbi. Kofia zake ndogo za plastiki wengi huzitupa siku ya kwanza. Zitunze, na tundu usilolitumia liache limefungwa.